Ritifaa

Saa nane za usiku, kila siku,
kompyuta ya ghala la Chake hujiamsha yenyewe,
hukusanya mizani ya mchana, kituo kwa kituo,
ikaipeleka Unguja, faili moja moja,
kwa mpangilio wa alfabeti:
Chonga, Kilindi, Matale, Mgelema, Ndagoni.

Jumatatu ikafika Ndagoni, ikanyamaza.
Jumanne ikanyamaza papo hapo.
Jumatano Bi Mize Shaame wa Pujini akaja na stakabadhi,
karafuu kilo thelathini na moja, kavu, daraja la kwanza,
akaiweka mezani kwangu, akaikandamiza kwa kiganja:
"Mwanangu, pesa yangu imezama wapi?"

Nikampa kiti. Nikaanza pale anapoanzia kila fundi asiyejua:
nikachomoa kebo, nikaipuliza, nikaichomeka.
Nikazima modemu, nikahesabu mpaka kumi, nikawasha.
Nikapiga hodi mlango wa ishirini na mbili:
karibu, ikaitikia seva, upesi, bila kinyongo.
Nikabadili nywila. Nikaulaani ukuta wa moto.
Nikampigia Msellem, yule wa Unguja.
"Huku kwetu kuzima, sheikh. Tazama huko kwenu."
"Na huku kwetu kuzima."
Tukakaa kimya, kila mtu na uzima wake,
na salio langu linakwenda.

Mtandao ukikatika hukatika kwa wote,
hauipitishi Ndagoni ukaizuia Pujini.
Hilo nalijua. Sikulifikiri mpaka alasiri,
Bi Mize keshakwenda kusali,
kiti chake bado kimeelekea mlango.

Nikaifungua skripti niliyoiandika mwenyewe
miaka mitano nyuma, nikijiona bingwa.
Nikaisoma kama barua ya mtu mwengine.
Baada ya Ndagoni anakuja nani?

Ng'ambwa.

Miaka yote mitano karani wa pale alikuwa Mzee Faki,
akiandika Ngambwa, hivyo hivyo, bila king'ong'o,
mbio mbio, kama anayewahi kuanua kabla ya mvua.
Mwezi huu kastaafu. Kaja Zuwena Kombo,
msichana aliyefunzwa imla akafunzika,
akaliona jina la kijiji cha mamake limepungua,
akalirudishia ritifaa yake.

Na skripti yangu, ilipoiona ile alama
ndogo kama jicho la sisimizi,
ikadhani nukuu imefunguliwa,
ikangoja ifungwe.
Ikaimeza Ole, ikaimeza Pujini,
Vitongoji, Wawi, Ziwani na kilo zao zote,
kama mtu aliyeambiwa "nna neno nikwambie"
akatega sikio mpaka alfajiri.

Nikashika simu nimwambie Zuwena:
andika alivyoandika mzee, yaishe.
Na chai ningeiwahi.
Simu ikaita mara mbili, nikaikata.
Nimwambie nini? Kwamba kosa lake ni kupatia?
Kwamba kijiji kizima kizibe pua
kwa sababu mimi, Mswahili, nilipokuwa naandika
sikukumbuka lugha yangu inapumulia wapi?

Mstari mmoja tu: mkwaju uliolalia kinyume
mbele ya kila ritifaa. Hii ni herufi, ipishe.
Mara ya kwanza nikakosea mkwaju wenyewe,
hata Chonga ikakataa.
Mara ya pili sikungoja saa nane, nikaiendesha kwa mkono.
Ndagoni. Ng'ambwa (ikasita, au mimi ndiye niliyesita).
Ole. Pujini.

Simu ikalia. "Nimeona ulinipigia. Nimekosea kitu?"
"Hujakosea. Hebu nitamkie jina la kituo chako."
Akacheka, akalitamka.

Bi Mize akarudi, nikamwambia imefika.
"Imefika wapi?"
Unguja.
"Unguja si mfukoni," akasema,
akakaa tena kitini.